Lugha Mbili za Mmisionari wa Unyamwezi

Mmisionari aliyepelekwa Unyamwezi katika karne ya 19 alikuwa na lugha mbili za kujifunza. Ya kwanza ilikuwa Kiswahili, lugha ya msafara. Bila Kiswahili asingeweza kuajiri wapagazi Bagamoyo au Saadani, kununua mtama njiani, wala kuvutana na watemi wa Ugogo juu ya hongo, yaani ushuru wa kupita. Ya pili ilikuwa Kinyamwezi, lugha ya watu aliokusudia kuishi nao. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi miwili au zaidi kwa miguu, na kwa wengi hilo ndilo lililokuwa darasa lao la kwanza.

Vitabu vya kuanzia vilikuwa vichache. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mkewe Rosine na binti yao mchanga ndani ya miezi michache, lakini akabaki na mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ikachapishwa. Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha kufundishia mwaka 1870. Huyu alikusanya pia sarufi na msamiati wa Kinyamwezi cha Unyanyembe. Hakulazimika kwenda Tabora kwa kazi hiyo, kwani Wanyamwezi walishuka pwani kwa maelfu kila mwaka na pembe za ndovu mabegani, na walimu hawakukosekana.

Kilichowasumbua wageni zaidi ni ngeli. Mwingereza amezoea kuusikia wingi mwishoni mwa neno. Hapa alipaswa kutega sikio mwanzoni, kisha aufuate upatanisho hadi kwenye kitenzi: mpagazi amechoka, wapagazi wamechoka. Mzigo umelowa, mizigo imelowa. Akishazoea hayo, Kinyamwezi kilimngoja na irabu saba badala ya tano, pamoja na toni, jambo ambalo Kiswahili hakina. Sikio lililozoea lugha za Ulaya halikuipata toni kwa wiki moja wala mbili.

Mapadri Weupe walilichukulia suala hili kwa ukali. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwaagiza wazungumze lugha ya wenyeji hata baina yao wenyewe. Msafara wao wa kwanza ulipita Tabora mwaka 1878, na mwaka 1881 wakafungua kituo Kipalapala, karibu na mji. Huko walilea watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walitoka makabila mbalimbali, hivyo Kiswahili kikawaunganisha wote, mapadri na watoto. Kituo kilifungwa mwaka 1889 kwa sababu ya vurugu za wakati ule.

Waprotestanti walikuja na familia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Annie Hore, mke wa Edward Hore wa Chama cha Misheni cha London. Mwaka 1884 alipita njia ya misafara kutoka Saadani akiwa na mwanawe mdogo, Jack, huku akibebwa na wapagazi kwenye kiti kilichofungwa miti. Mapema mwaka 1885 wakafika Ujiji, kisha wakaweka makazi katika kisiwa cha Kavala, Ziwa Tanganyika. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka London mwaka 1886. Kichwa cha kitabu kinataja kiti, hakiwataji waliokibeba. Na hao ndio mgeni aliowasikia wakizungumza tangu alfajiri hadi kambini.

Chama hichohicho kilikuwa na kituo Urambo, jirani na ikulu ya mtemi Mirambo, tangu mwaka 1879. Dk. Ebenezer Southon, aliyekianzisha, alikuta mwenyeji wake anajua Kiswahili, na hilo lilirahisisha mazungumzo yao. Alifariki mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya. Kufiwa na watu namna hiyo kulirudisha kazi nyuma kila mara, kwa sababu aliyekwisha kuijua lugha alizikwa nayo, na mrithi wake akaanza upya na maamkizi.

Mwaka 1898 Urambo ilikabidhiwa kwa Wamoravian kutoka Ujerumani. Miongoni mwao alikuwa Edmund Dahl, pengine msikilizaji hodari kuliko wote waliopita hapo. Aligundua kwamba katika Kinyamwezi sauti kama *t* hulainika ikifuatwa na silabi yenye sauti ya aina hiyohiyo. Ndiyo maana *-tatu* ya Kiswahili kwa Kinyamwezi ni *-datu*. Mtaalamu Carl Meinhof aliiita Kanuni ya Dahl mwaka 1903, na wanaisimu wanaitumia hadi leo kueleza lugha nyingine za Kibantu, Kikikuyu kikiwamo. Kamusi kubwa ya Dahl ya Kinyamwezi ilichapishwa Hamburg mwaka 1915.

Wakati huo mambo yalikuwa yamegeuka. Serikali ya Kijerumani iliendesha shule na ofisi zake kwa Kiswahili, na reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikaimaliza safari ya miguu. Mgeni aliweza sasa kuishi Tabora kwa Kiswahili peke yake. Tangu miaka ya 1960 wamisionari wengi wanaoingia Tanzania, walei wenye watoto wakiwamo, wameanzia chuo cha Kiswahili cha Makoko, Musoma, kilichoanzishwa na Wamaryknoll. Kinyamwezi nacho kilipata sarufi yake ya kisasa mwaka 1992, iliyoandikwa na Clement Maganga pamoja na Thilo Schadeberg. Imeandikwa kwa Kiingereza, na kamusi ya Dahl iko kwa Kijerumani. Kazi ya kuwafikishia Wanyamwezi wenyewe yaliyomo humo bado inahitaji mtu wa kuifanya.