Muhuri wa Programu Unatuambia Nini?

Kikundi kikipokea barua, katibu huangalia kwanza sahihi na muhuri. Programu za kompyuta na simu nazo hutiwa sahihi. Je, sahihi hiyo inatosha kutuondolea wasiwasi? Hebu tujifunze kutokana na apleti za Java.

Java ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Apleti ilikuwa programu ndogo iliyokuja na ukurasa wa intaneti na kufanya kazi ndani ya brauza. Kwa kuwa mwenyewe hajulikani, ilifungiwa kama mbuzi zizini: haikuweza kusoma wala kufuta faili zako.

Kuanzia 1997, mtengenezaji aliweza kuitia apleti sahihi. Kompyuta ilikuonyesha jina lake na kukuuliza kama unamwamini. Ukikubali, mbuzi ametoka, na shamba lote ni lake! Watu wakazoea kukubali bila kusoma, na wezi wakafurahi.

Sahihi inathibitisha mambo mawili tu: aliyeitia ni nani, na kwamba programu haijabadilishwa tangu hapo. Haisemi kama programu ni njema. Hata jina laweza kuwa la uongo. Mwaka 2001 VeriSign, kampuni ya kutoa vyeti vya sahihi, ilidanganywa na mtu aliyejifanya mfanyakazi wa Microsoft, ikampa vyeti viwili vyenye jina hilo.

Mwaka 2014 Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun, ilianza kuzuia apleti zisizo na sahihi ya cheti kinachotambulika. Chrome iliacha kuzipokea 2015, Firefox ikafuata 2017. Apleti zikaisha, lakini swali limehamia mfukoni mwetu. Kila programu ya simu ya Android ina sahihi, ila mtengenezaji anaweza kujitengenezea cheti mwenyewe. Basi hata mwizi anayo sahihi.

Kwa hiyo, mweka hazina akitumiwa programu ya "mikopo ya haraka" kwa ujumbe, na simu ikatoa onyo:

1. Asome onyo lote, asikimbilie kukubali.
2. Aulize: nani ameituma, na kwa nini inataka kusoma ujumbe wetu?
3. Asipopata jibu, aiache, awaambie wenzake mkutanoni.

Pesa za kikundi ni jasho la wengi. Zisipotee kwa kidole kimoja.