Biskuti za Idi, Shira na Hewa ya Bahari

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, nyumba nyingi za Zinga hunukia iliki tangu baada ya futari hadi karibu na daku. Hizo ndizo saa za biskuti, kwa sababu sahani ya Idi inayopelekwa kwa jirani ikiwa imefunikwa kitambaa haikamiliki bila kitu cha kutafuna. Siku hizi, katika kata hii iliyo kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, kando ya visheti na vileja utaikuta pia biskuti ya siagi iliyokatwa umbo la mwezi au nyota, ikapambwa kwa aisingi. Nalipenda jambo hili kwa dhati, na natamani lifanywe vizuri, maana sukari na hewa ya pwani hazipikiki chungu kimoja.

Sukari hunyonya unyevu. Idi el-Fitri nayo hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, na kwa sasa imetupitisha kwenye masika. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mvua zikiwa zimepamba moto. Aisingi ambayo wakati wa kiangazi ingekauka usiku mmoja, masika hunata hadi asubuhi, na ua jekundu huchuruzika ndani ya uwanja mweupe. Wengi huilaumu sukari ya dukani. Mara nyingi kosa ni biskuti kupakwa ingali na joto, au aisingi kutiwa maji mengi.

Mabibi zetu walikwishalitatua jambo hili kwenye visheti. Donge dogo la unga hukandamizwa juu ya uma au kitana kipya, likaviringwa, likatoka na mistari kama kombe la ufukweni. Hukaangwa, hupoa kabisa, kisha huingia kwenye shira. Hapo mjukuu atauliza, "Bibi, imekolea?" na bibi atajibu, "Bado, mwanangu, haijavuta uzi." Tone la shira hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole hutenganishwa, na uzi unaonyooka bila kukatika upesi ndio ruhusa ya kuepua. Visheti humiminwa humo na kugeuzwa kwa mwiko bila kupumzika, mpaka shira ipoteze ung'avu wake, iwe nyeupe, ikauke na kushika kila mfereji.

Katika shira hiyo hakutiwi ndimu. Ndimu ni ya shira ya kaimati, inayotakiwa ibaki laini na yenye kung'aa, kwa kuwa asidi huivunja sukari ikawa sukari mbili nyepesi zinazozuia chembe zisijipange upya. Kwenye visheti tunataka chembe zijipange. Anayeijua tofauti hiyo ameshaielewa nusu ya kazi ya aisingi.

Biskuti yenyewe haina makuu: kwa uzito, sehemu moja ya sukari, mbili za siagi, tatu za unga wa ngano, na iliki ya kutosha. Ukikosa oveni, sufuria yenye mchanga mkavu na mkaa juu ya mfuniko inatosha, mradi moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Zikiiva, ziache zipoe saa kadhaa.

Aisingi ya ute wa yai bichi siipendekezi kwa biskuti zitakazoliwa na watoto wa mtaa mzima. Maji ya moto kidogo yanatosha kuilainisha sukari iliyosagwa, kijiko kwa kijiko, hadi mstari uliochorwa juu ya bakuli ukae bila kuzama. Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika nchini baada ya mvua nyingi kuvuruga uvunaji wa miwa, serikali ikatangaza bei elekezi. Ilikuwa hivyo hata wilaya hii ya Bagamoyo ikiwa na mashamba ya miwa na kiwanda Makurunge. Tangu hapo nawashauri watu, badala ya kutafuta ya pakiti, wasage sukari ya kawaida kwa blenda pamoja na kijiko cha kornflawa, waipitishe kwenye chekecheke laini. Sukari yetu ina ukahawia kidogo, hivyo aisingi hutoka na rangi ya maziwa. Kwangu hiyo ni rangi nzuri kuliko nyeupe ya pakiti.

Kuchora ndiko kunakonifurahisha zaidi. Zamani kona ya mfuko wa plastiki ingekatwa, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na koni ya karatasi ya kuokea ikachukua nafasi. Koni hiyo mkono wa pwani unaijua tayari: ni ileile ya hina. Msichana anayeweza kumchora bi harusi kuanzia kiganja hadi kiwiko bila mkono kutetemeka hahitaji kufundishwa aisingi. Mpe biskuti, atachora mzabibu, kisha nukta tatu pembeni, kisha ua. Ningependa aende hata Mji Mkongwe wa Bagamoyo akaitazame milango ya nakshi, achukue minyororo na mawaridi ya mbao ayalete kwenye sinia, badala ya kunakili miti ya theluji ya kwenye simu. Na asikidharau kileja, biskuti ya unga wa mchele yenye doa moja la rangi katikati. Doa hilo limepamba vizazi, na halichuruziki.

Rangi kali zichorwe mwisho, nyeupe ikishakauka. Biskuti zisiwekwe kwenye friji, kwani zikitoka hutokwa jasho na mchoro wote huharibika. Zikae kwenye kopo la bati, karatasi kati ya tabaka. Ifikapo 2030 Idi itakuwa imerudi Februari, wakati wa kaskazi. Hapo kazi itakuwa na joto: siagi italainika kabla biskuti haijakatwa, kwa hiyo unga ukandwe alfajiri na sinia lipumzishwe juu ya barafu.