Siku Inapoharibika Kabla ya Githurai

Kwenye barabara ya Thika siku huharibika mapema. Barabara kuu iliyozinduliwa Novemba 2012 ina urefu wa kilomita 50 hivi, lakini mkazi wa Ruiru anayetakiwa kazini Industrial Area saa moja asubuhi bado huamka saa kumi alfajiri, na matatu ikikwama Githurai huanza kupiga hesabu ya makato ya mshahara akiwa kitini. Huko Thika, kibarua hufika langoni mwa kiwanda akaambiwa leo hakuna kazi, arudi kesho. Mama mboga wa soko la Jamhuri hufungua kreti na kukuta nyanya za chini zimeoza. Hakuna redio itakayotangaza mambo haya. Ni siku mbaya za kawaida, na jioni mtu akiulizwa habari zake hujibu kwa mazoea: "Mungu ni mwema."

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 Thika, na kote nchini zaidi ya Wakenya 8 katika kila 10 walijitambulisha kuwa Wakristo. Kwa wingi huo, dini haiishii kanisani Jumapili; ndiyo inayompa mtu maneno ya kujieleza mambo yanapomwendea kombo. Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, na matokeo yao huwashangaza wanaoamini na wasioamini vilevile. Kujua kwamba fulani ameokoka hakutoshi kubashiri atakavyoibeba siku yake mbaya. Inabidi kujua anaisomaje.

Mtaalamu anayetajwa zaidi katika uwanja huu ni Kenneth Pargament wa Marekani, aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu dini na namna ya kukabiliana na shida mwaka 1997. Yeye na wenzake walitunga dodoso fupi lenye kauli 14. Saba kati yake zinapima njia zinazojenga: mtu anamtafuta Mungu kama mwenzi wa kutatua tatizo, anaomba msamaha, anajaribu kuona funzo. Saba nyingine zinapima mapambano: Mungu ameniacha, ananiadhibu kwa dhambi zangu, kanisa limenitupa, haya yamefanywa na Shetani. Mwaka 2001 kundi hilo lilitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi kwa muda wa miaka miwili. Waliokuwa na mapambano hayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya hali ya afya zao kuzingatiwa. Kilichowatofautisha na wengine ni namna walivyoisoma shida yao.

Swali la sababu lina mizizi mirefu katika nchi ya Wagikuyu. Wazee walizungumzia thahu, unajisi uliompata mtu kwa kukiuka mwiko, ukaleta ugonjwa au mkosi, ukamlazimu kwenda kwa mundu mugo, mganga wa jadi, kutakaswa kwa yaliyomo tumboni mwa mbuzi aliyechinjwa. Wamisionari walidhani wameling'oa wazo hilo. Leo mtu akipoteza kazi Ruiru hakosi jirani wa kumnong'oneza kwamba pana laana ya ukoo inayohitaji kukatwa, au hakutoa fungu la kumi, au ameacha mlango wazi wa dhambi. Na matatu ikikwama alfajiri, mkwamo hukemewa kwa neno moja, "ashindwe!", kana kwamba Shetani ana kituo chake cha kazi pale Githurai.

Ajabu ni kwamba Injili yenyewe inalikataa somo hilo waziwazi. Katika sura ya 13 ya Luka, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kukanusha kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana 9 wanafunzi wanamwona kipofu na kuuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Jibu ni kwamba si yeye wala wao. Yesu hatoi maelezo marefu ya chanzo cha upofu. Anatema mate chini, anafanya tope, anaanza kazi.

Thika ina ushahidi wa matofali wa kile kinachotokea sura hiyo inaposomwa hivyo. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilianzisha mjini humo shule ya wasioona. Enzi hizo familia nyingi zilimchukulia mtoto kipofu kuwa dalili ya kosa fulani na kumficha nyuma ya nyumba. Shule haikuhubiri dhidi ya fikra hiyo kwa maneno matupu. Ilimpa mtoto nukta za breli, bweni na cheti. Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ilifuata katika mji huohuo na chini ya kanisa hilohilo. Mzazi aliyefika pale akiuliza amemkosea Mungu nini alijikuta akiulizwa mtoto wake ana miaka mingapi na ataanza darasa gani.

Hata hivyo, jambo linalotawala zaidi namna Mkristo wa Thika au Ruiru anavyoipokea siku mbaya ni ushuhuda.

Desturi hiyo ina historia. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937 na kuenea upesi katika nchi ya Wagikuyu, ambako wafuasi wake waliitwa ahonoki, yaani waliookoka. Walikutana kila wiki na kusimama mmoja mmoja kusema yaliyomo moyoni: ugomvi wa nyumbani, deni, wivu, hofu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki ya serikali, na baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Watu waliozoea kusema hofu zao mbele ya wenzao kila wiki walikuwa na jambo la kushikamana nalo miaka ilipokuwa mibaya kweli.

Lakini ushuhuda unaotolewa leo kwenye vipaza sauti vya makanisa ya mabati na mahema yaliyojipanga kando ya barabara umepata umbo lake maalumu. Unaanza na "Bwana asifiwe", unapita kwenye shida, unafika kwenye maombi, unamalizika kwa mlango kufunguka: kazi imepatikana, ploti imelipiwa, viza imetoka. Makofi. Asiye na mlango uliofunguka hana la kusema, kwa hiyo anakaa. Na hapo ndipo somo la kimyakimya hupenya, kwamba shida inaruhusiwa kutajwa ikishakwisha. Aliye katikati yake ajifunze kutabasamu, au aseme kwamba haipokei, anaikataa kwa jina la Yesu.

Biblia haina adabu hiyo. Wasomi wanakadiria kwamba theluthi moja hivi ya Zaburi 150 ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza na malalamiko na kugeuka kuwa wimbo mwishoni, ndiyo maana inapendwa. Zaburi ya 88 haigeuki kabisa. Inaisha gizani, rafiki hayupo, jibu halipo, na bado iliachwa ndani ya kitabu cha ibada. Mwaka 1986 mtaalamu wa Agano la Kale Walter Brueggemann aliandika makala akidai kwamba kanisa lililoacha kuomboleza limepata hasara kubwa, kwa sababu mwombaji anayeruhusiwa kusifu pekee hana mazungumzo ya kweli na Mungu wake.

Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker alichapisha jaribio lililokuja kuwa maarufu. Wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika kuhusu jambo lililowaumiza, matukio pamoja na hisia zake, walimwona daktari mara chache zaidi miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni, lakini ipo. Hakuna aliyewataka wale wanafunzi wamalize kwa ushindi.

Katika hili makanisa yenye kalenda ya zamani yana akiba ambayo hayaitumii vya kutosha. Ijumaa Kuu Wakatoliki hutembea mitaani wakifuata Njia ya Msalaba na vituo vyake 14, na kwa saa kadhaa hakuna anayelazimika kuchangamka. Kanisa changa lisilo na Kwaresima linaweza kupita mwaka mzima bila siku moja ya namna hiyo.

Maneno pekee hayamalizi habari. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya muungano wao wa AMECEA, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe kipaumbele cha kazi yao. Uamuzi uliofanywa mkutanoni Nairobi unaonekana vizuri leo katika mitaa ya wapangaji kama Kimbo na Kihunguro, ambako majirani wametoka kaunti tofauti na hawana ukoo wa kuitana. Jumuiya hukutana sebuleni, inasoma somo la wiki, halafu mtu anauliza mbona Mama fulani haonekani. Wapresbiteri wana wilaya zao zinazofanya kazi ileile. Kukiwa na matanga, ndio wanaofika jioni na sufuria, daftari la michango na mtu wa kuongoza sala. Julai 2020 makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100 kwa saa moja, na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Mahubiri yalikuwa yamepatikana redioni na kwenye simu muda wote. Sufuria haikupatikana.

Utafiti wa Tyler VanderWeele wa Harvard na wenzake, uliotolewa mwaka 2016, ulifuatilia karibu wanawake 90,000 wa Marekani kuanzia 1996 hadi 2010. Waliohudhuria ibada angalau mara moja kwa wiki walikuwa na kiwango cha kujiua cha takriban moja ya tano ya wale ambao hawakuhudhuria kabisa. Hao walikuwa wauguzi, wengi wao Wazungu, na haifai kuyachukua matokeo hayo na kuyabandika mtaa wa Makongeni, Thika, kama yalivyo. Lakini walichopima watafiti ni kuhudhuria, yaani mtu kuonekana na wenzake.

Kuna siku mbaya ambazo si siku tena. Mtu asipolala wiki kadhaa, asipoona ladha ya kitu, akianza kusema heri asingezaliwa, huo ni ugonjwa, na mkesha wa maombi hautoshi. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba tatizo hili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Mchungaji wa Thika aliye na nambari ya daktari kwenye simu yake, na anayeandamana na mshirika hadi hospitali ya Thika Level 5, anafanya uchungaji uleule.

Kwa siku za kawaida, mabadiliko yanayohitajika ni madogo na hayana gharama. Kiongozi wa ibada anapouliza nani ana ushuhuda, anaweza kuongeza swali la pili: nani ana jambo ambalo halijaisha? Ampe kipaza sauti kwa dakika mbili, amwache aketi bila kumkemea wala kumtabiria, na kutaniko liombe. Ratiba nyingi za Jumapili bado hazina dakika hizo mbili, ingawa tangazo la mchango wa paa jipya hupewa kumi.