Mchoraji wa Majitu na Sanamu za Karagwe

Mwezi wa Novemba 1861 Wazungu wawili, Speke na Grant, walipita karibu na Ziwa Burigi, mpakani mwa Muleba, wakafika Karagwe kwa Mukama Rumanika. Grant alishikwa na donda baya la mguu. Hata mwenziwe aliposhika njia ya Buganda Januari 1862, yeye alibaki nyuma mpaka Aprili. Chombo cha kupigia picha walikwisha kukiacha mapema, maana kazi yake ndani ya hema lenye joto ilimshinda. Basi akashika penseli na rangi za maji, akachora aliyoyaona.

Lakini siku zile picha za namna hiyo hazikuweza kupigwa chapa vivi hivi kitabuni. Ilikuwapo kazi ya kati, nayo ilifanyika London kwa mkono wa Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1814. Yeye alizichora upya picha za Grant juu ya vipande vya mti mgumu, kinyumenyume, kulia kukawa kushoto. Kisha fundi mwingine alichonga kwa patasi nyembamba sana, akiondoa kila mahali palipotakiwa kuwa peupe, na mistari ikabaki imesimama ipate kushika wino. Kitabu cha Speke kikatoka mwaka 1863, na Wazungu wengi wakaiona Karagwe kwa mara ya kwanza.

Zwecker, hata hivyo, hakuwamo katika msafara ule. Mahali Grant alipotia mistari michache tu, ilimpasa yeye kujaza kwa fikira zake. Na fikira alikuwa nazo tele! Katika miaka iyo hiyo alichora sanamu za ngano za Iceland, nchi ya baridi, ngano zenye majitu na mizuka. Mwaka 1866 ikatoka picha yake ya mwanamke ambaye ndiye Iceland yenyewe: kichwani taji ya barafu itokayo moto, begani kunguru. Eiríkur Magnússon, mwenyeji wa nchi ile, ndiye aliyemweleza jinsi ya kumchora. Mwanamke huyo hakupata kuishi, wala hapana awezaye kusema kwamba pua yake siyo. Bali Rumanika alikuwa mtu, mwenye watoto na ndugu waliomjua sura.

Zwecker alikufa London mwaka 1876. Michoro ya Grant imewekwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Atakaye huweza kuilinganisha na kitabu, akaona ni nini kilichoongezwa.