Je, Wajua? Foleni ya Mbagala haimalizi betri

Kwa chaji moja, gari la umeme huenda mbali zaidi kwenye simama-nenda ya Barabara ya Kilwa kuliko likikimbia kilomita 110 kwa saa. Likisimama, mota haili chaji. Ukikanyaga breki Rangi Tatu, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo. Mlaji wa foleni ni kiyoyozi.

Adui hasa ni joto. Betri ya lithiamu huchakaa haraka ikiachwa juani imejaa pomoni. Mwaka 2012, wenye magari ya umeme ya Nissan Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika kuwa betri zao zimechoka mapema. Leaf za wakati huo hazikuwa na mfumo wa maji wa kupoza betri. Baadaye ikaja betri inayostahimili joto, ikabandikwa jina la “mjusi”.

Unatafuta Leaf iliyotumika Japani? Muuzaji atakusifia rangi na matairi. Wewe tazama dashibodi: kando ya kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vidogo. Kikizimika kimoja tu, betri imeshapoteza takribani asilimia 15 ya uwezo wake. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6 nyingine.