Mtungi wa "80" na mtungi wa lita 12

Tukisema "ndoo ya lita 20", hatuulizi kama 20 ni kipimo cha ndoo au cha maji. Maji hayashindiliki, kwa hiyo namba ni moja. Hewa hushindilika, na hapo kiunganishi "-a" kinatuficha jambo.

Ulaya, mtungi wa mzamiaji wa lita 12 huitwa hivyo kwa nafasi iliyo ndani yake. Ukijazwa hadi bar 200 unabeba takriban lita 2400 za hewa. Geji ikishuka hadi 50, zimebaki kama 600. Marekani, jina hutaja hewa yenyewe: mtungi wa alumini wa "80" ni wa futi za ujazo 80 (kwa kweli 77 na kidogo), tena kwa shinikizo la psi 3000 tu. Nafasi yake ni kama lita 11.

Ajabu zaidi ni mitungi miwili ya chuma cha pua kigumu, yote karibu lita 13. Mmoja huitwa 85, mwingine 100, kwa kuwa wa kwanza hujazwa hadi psi 2640 na wa pili hadi 3442. Ijaze yote hadi 2640: hewa ni ileile. Aliyebeba wa "100" na kuliamini jina atashuka majini akihesabu futi 15 asizo nazo.