Mutoto haiko anacheza, iko anachora

Baba anarudia ku kazi ya usiku, kaske ingali mu mukono. Ku Kalebuka ao ku Luwowoshi, ile saa ya asubui, nyumba yote iko inalala, lakini kijana wa polytechnique hajalala. Courant ilirudia saa nane ya usiku, naye akarukia ordinatere mbele haijakatika tena. Ku ekrani kuko kitu kinazunguka, rangi ya buluu na nyekundu. Baba anasema: «Minervale yote yenye ninalipa, na wewe uko unacheza jeux?» Kijana anajibu: «Hapana, baba. Iko pompe.»

Haya mabishano iko mu nyumba mingi za hapa Annexe. Basi leo tuzungumuze juu ya dese ya ku ordinatere, ile yenye mu Kifaransa wanaitaka DAO ao CAO. Tuanze na jambo lenye wazazi wengi hawajue: kuko wanafunzi wenye wanapataka medayi juu ya hiyo kazi.

Mashindano yenye kujulikana sana inaitwa WorldSkills. Ilianzia Hispania mu 1950, na sasa inafanyika kila nyuma ya miaka mbili. Mu Septemba 2024 ilikuwa Lyon, kule Ufaransa. Vijana wanashindana kila mutu mu kazi yake: huyu anasude, huyu anajenga ukuta wa matofali, mwingine anafunga umeme. Mu kazi nyingi, hauruhusiwe kama umepita miaka 22. Na kati ya hizo kazi, moja njo dese ya mashini ku ordinatere.

Wanapewa kazi gani? Mu sehemu moja, mushindani anawekewa kipande cha mashini ku meza, bila dese yoyote. Anakipima na mikono yake, anakichora upya ku ordinatere, kisha anatosha makaratasi yenye fundi wa ateliye anaweza kufuata bila kuuliza ulizo. Waamuzi hawatafute kwanza picha ya kupendeza. Wanatafuta vipimo. Chuma yenye kuzunguka ikiwa nene sana, haiingie mu tundu yake. Ikiwa nyembamba sana, inatetemeka, inakula ukuta wa tundu, na mashini inakufa. Kati ya «sana» na «sana» kunabakia nafasi ndogo sana, pengine haifike hata nusu ya nusu ya milimetre. Mwenye kuchora anapaswa kuandika ile nafasi ku dese. Akiisahau, fundi atakata kwa kubahatisha, na chuma ya bei kali itatupwa.

Mutu mwenye ametumika mu mine anaona mara moja kwa nini hiyo kazi ina mana. Mashini ya zamani imevunjika kipande. Kampuni yenye iliitengeneza iko mbali, kule ngambo, ao ilishafungwa. Kuagiza kipande inaomba kungoja miezi. Lakini kama kuko mutu wa kukipima na kukichora muzuri, kinaweza kukatwa hapa hapa. Ile sehemu ya mashindano ya Lyon, kumbe njo shida ya kila siku ya mu Katanga.

Na mu mine, pompe haiko kitu cha kuchezea. Watu wa Kipushi wanakumbuka. Mu 2011, pompe hazikuweza tena kushinda maji, na maji ikapanda mu magaleri. Ile mine ilikuwa tayari imesimamisha kazi tangu 1993. Ilikuwa lazima kwanza kutosha maji, kisha kutengeneza mingi, mbele uzalishaji uanze tena mu 2024. Kwa hiyo kijana mwenye anakosa usingizi juu ya pompe, hapoteze wakati.

Kuko pia sheria. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance inasema kama hizo kazi ni za makampuni yenye sehemu kubwa ya mali yao iko mu mikono ya Wakongomani. Ni muzuri. Lakini sheria inafungua paka mulango, haikufundishe kazi. Kama ateliye ya Mukongomani inapata soko ya kutengeneza kipande, na haina mutu wa kuchora, itaenda kununua dese kwa wengine, na feza itapita njia ile ile ya zamani.

Sasa wazazi watauliza: hizo programu si ziko bei kali? Za makampuni makubwa, ndiyo. Lakini kampuni ya AutoCAD inapatia wanafunzi programu zake bure, kama wanaonesha kama wako mu masomo. Na kuko FreeCAD, yenye iko bure kwa kila mutu. Ukisha kuiweka mu ordinatere, inatumika hata bila intaneti. Kwa hiyo shida kubwa haiko programu. Shida ni ordinatere yenyewe, courant, na mutu wa kusaisha kazi.

Tusisahau pia kama hii ufundi ilizaliwa mu mikono ya mwanafunzi. Mu 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT kule Marekani, alitosha programu yenye kuitwa Sketchpad: alichora ku ekrani na kalamu ya mwangaza, na mistari ikamutii. Ilikuwa kazi yake ya kumaliza masomo. Nyuma ya miaka 25, mu 1988, akapewa Turing, zawadi kubwa kupita zote za watu wa ordinatere.

Baba wa mine hahitaji kujua ordinatere kusudi asaidie mutoto wake. Anajua chuma. Jioni moja, ikae naye pembeni, umuulize maulizo tatu. Hiki kipande kitatengenezwa na chuma gani? Fundi ataingiza ufunguo wapi kusudi afungue hii bulo? Na kikivunjika usiku, kule chini, mutu mumoja anaweza kukibadilisha na mikono yake? Akikosa jibu, dese haijaisha, hata ikiwa na rangi nzuri namna gani. Akipata jibu, ujue minervale yako haikupotea.

Haya maulizo, mwalimu pengine hatayauliza, kwa sababu hakushuka chini. Wewe ulishuka.